Kivuli cha Mtani

Habari ya kifo humfikia mtani kabla haijawafikia ndugu wa mbali. Ndivyo ilivyokuwa zama za misafara ya miguu, na ndivyo ilivyobaki hata baada ya watu kujifunza kulifunika jua. Saa mbili na nusu asubuhi Malunde alikuwa katika Chumba cha Usukani, macho yake kwenye ramani ya Mwavuli, kikuku cha mkononi kilipotetemeka na sauti ya Pazi ikamwingia sikioni bila salamu.

"Mtani, furahi. Yule uliyekuwa ukimwombea afe ule ubwabwa wake, amekufa."

Malunde alijua wajibu wake. Mtani hapokei msiba kwa machozi, huupokea kwa tusi. Akalitafuta tusi kinywani kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, mwisho akaokota moja hafifu, akauliza yule mshenzi amekufaje bila kuaga.

Pazi akamweleza. Baba yake, Mzee Kondo, alikuwa akichimba handaki la jirani jana. Udongo ulikuwa mgumu, kazi ikamchelewesha, akatoka saa tano jua limeshapanda, na nyumbani kwake ni mwendo wa dakika ishirini tu. Dakika ishirini zilimtosha. Alifika amekauka jasho, akasema ana baridi, akalala. Alfajiri hakuamka. Maziko yangekuwa saa nane mchana, kwa kuwa geti la makaburi lilifunguliwa saa saba na kufungwa saa kumi, na maiti hawezi kungoja kesho katika joto lile.

"Jembe lako tumeliweka," Pazi akamalizia, na sauti yake ikabadilika kidogo. "Na watu wanakumbuka ulichosema harusini kwangu."

Simu ikakatika. Malunde akabaki ameutazama Mwavuli kwenye ramani: majani mia tisa, kila moja upana wa kilomita moja na nusu na wembamba wa ganda la kitunguu, yakielea juu kuliko ndege yeyote, yamejipanga ukingo kwa ukingo juu ya mji wa Mlimani. Chini yake watu walipanda maua na kujenga mapaa ya kioo. Nje yake, huko Bondeni, watu waliamka saa tisa usiku kufanya kazi, na jua likichomoza wakaingia ardhini kama panya, katika mahandaki ambayo nusu yake yalichimbwa na mkono mmoja, mkono wa Mzee Kondo.

Na harusini Malunde alisema nini? Alisema mzaha. Miaka mitatu nyuma, mbele ya sahani ya pilau na watu mia mbili, Kondo alisimama akamwonyesha kwa kidole cha udongo. Akawaambia wageni mwoneni Mnyamwezi huyu, babu zake walibeba mizigo ya watu kichwani, yeye leo anabeba shuka la mbinguni na hataki kutugusisha hata pindo. Kisha akamuuliza: je, nikifa, mtani, utanifunika? Malunde akajibu, mdomo umejaa, kwamba atamfunika yeye na Wazaramo wenzake wote watakaokuja kumzika, ili malaika wasione walivyo wachafu. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Lakini neno la mtani kuhusu jeneza halina mzaha ndani yake. Mtani anaweza kukuibia kuku, anaweza kukuita mbwa mbele ya wakwe zako. Akiahidi kazi ya maziko, ameahidi. Hilo halikuandikwa katika katiba yoyote, na hakuna aliyewahi kulivunja.

Angekuwa ameahidi ng'ombe, angekwenda kununua ng'ombe. Tatizo ni kwamba yeye, Malunde, mwongoza usukani daraja la kwanza, alikuwa ametia sahihi yake kwenye karatasi iliyosema jambo hilo haliwezekani.

*

Kura ya maoni ilikuwa na swali moja. Mwavuli utulie juu ya Mlimani, au uzunguke nchi nzima kwa zamu? Kwa miezi sita nchi haikuzungumza kitu kingine. Ndugu walitengana mezani, wachumba walirudishiana barua. Wenye mali walivaa vitambaa vilivyoandikwa TULIA, na waliokuwa wakiwaoshea mapaa yao wakaandika ZUNGUKA kwa mkaa kwenye kuta za Bondeni. Hesabu zilionyesha Zunguka itashinda. Maskini ni wengi, na jua halina upendeleo.

Ndipo ikatoka Ripoti ya Wataalamu Tisa. Ilisema majani ya Mwavuli yameshonwa pamoja kwa nguvu za umeme, na kwamba jani moja likivutwa kutoka safuni, yote yatachanika, na nchi nzima itabaki uchi milele. Sahihi ya saba ilikuwa ya Malunde.

Haikuwa kweli. Kila jani lilikuwa na usukani wake, na waliobuni Mwavuli waliubuni utembee. Katika kila mafunzo ya vijana wa usukani, jani moja lilitolewa safuni, likazungushwa juu ya bahari, likarudishwa. Malunde alilijua hilo kama anavyojua jina la mama yake. Lakini mkuu wa kituo alimwita ofisini, akamwambia kwa upole kwamba orodha ya nyumba za watumishi inapitiwa upya, akamuuliza hali ya moyo wa mama yake, kisha akasukuma karatasi mbele yake pamoja na kalamu. Hakutishwa. Angetishwa, pengine angekataa. Aliulizwa tu hali ya mama yake.

Bondeni ripoti ile ilisomwa kama barua ya kifo. Mtaa wa Machimbo ulikusanyika kumuuliza Mzee Kondo, kwa kuwa yeye ndiye alikuwa na mtu kule juu. Akawaambia maneno ambayo yalitembea mtaa kwa mtaa kabla ya jua kuchomoza. Mtani wangu hunitania kwa mdomo, alisema. Kwa maandishi hajawahi kunitania. Kama ameandika utachanika, utachanika. Afadhali tupate kivuli cha kazini saa chache kuliko tukose sote.

Machimbo wakapiga kura ya Tulia, na mitaa sita ya jirani ikawafuata. Tulia ikashinda kwa kura elfu kumi na moja, na mitaa ile saba pekee ilikuwa na wapiga kura elfu kumi na tano.

Baada ya hapo zikaja kadi za rangi mbili. Likaja geti. Wa Bondeni wakaamriwa kutoka Mlimani ifikapo saa tisa alasiri. Makaburi ya umma yakawa nje ya kivuli na ndani ya uzio, na saa zake zikapangwa na mtu ambaye hajawahi kuzika juani. Mwezi uliopita walikwenda kumzika mwanamke mmoja, wakarudi wamewaacha huko watu wawili zaidi. Msiba ulizaa misiba.

Kwa Mlimani hilo lilikuwa habari fupi ya jioni. Malunde aliisoma akiwa amesimama, akala chakula chake akiwa amesimama, na tangu siku hiyo hakuwahi kumpigia Kondo simu.

*

Mama yake, Bi Nyamizi, alikuwa akichambua mchele kwenye kibaraza chenye paa la kioo. Alikuwa na miaka themanini na mmoja na moyo unaopiga kwa kusitasita kama mgeni mlangoni. Malunde alimweleza msiba. Bibi akaweka ungo chini, akamtukana Kondo kwa Kinyamwezi tusi refu lenye adabu zote za utani, kisha akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Malunde akasema atakwenda kuchimba. Atachimba kwa nguvu zake zote, jasho lake litakuwa ndiyo heshima. Alisema hivyo mara mbili.

"Nilikuwepo harusini," mama akasema. "Hukuahidi jasho."

Akamweleza basi, kwa mara ya kwanza, habari ya karatasi. Hakumficha swali la mkuu wa kituo. Kikongwe alisikiliza bila kumkatiza, na alipomaliza akawa anautazama mchele kana kwamba una kitu kilichoandikwa ndani.

Malunde akamfafanulia uzito wa kuitimiza ahadi ile. Jani analoweza kulisogeza peke yake, kwa kikuku chake, bila ufunguo wa pili, ni moja tu, lile la mafunzo, la mia sita na kumi na nane. Lenyewe ndilo linalofunika mtaa huu, nyumba hii, kitanda chake yeye mama. Likienda makaburini na kurudi, jua litashuka hapa kwa saa nzima, na nyumba za Mlimani hazina handaki. Nchi nzima itainua macho na kuona kwamba jani limetembea bila kuchanika. Itajua kwamba kura ilijengwa juu ya uongo, na nani anajua nchi iliyodanganywa hivyo itafanya nini? Damu inaweza kumwagika. Yeye atafukuzwa, pengine atafungwa. Wataishi Bondeni, na moyo wake mama hautamaliza mwaka.

"Kwa hiyo moyo wangu ndio uliomuua Kondo," Bi Nyamizi akasema.

Malunde akasema hapana, mama, hapana.

"Nauliza tu. Wewe uliulizwa hali yangu, mimi sikuulizwa." Akasimama kwa kushika ukuta. "Stoo yetu ina zege juu. Nitawaita majirani wote saa saba na nusu, niwaambie kuna msiba tusome dua. Si uongo. Uongo wa nyumba hii umetosha."

"Mama, yule mzee wa jirani hatembei."

"Atabebwa. Watu wa hapa hawajabeba kitu siku nyingi, itawafaa."

Alipofika mlangoni, Malunde aligeuka akamuona amerudi kwenye mchele wake. Punje mbovu zote alikuwa akiziona.

*

Makaburini hapakuwa na mti. Joto lilisimama juu ya ardhi kama maji, na watu sitini waliofunga vichwa kwa nguo zilizoloweshwa walikaa wamechuchumaa, kila mmoja akijikunja ndani ya kivuli chake mwenyewe. Jeneza lilifunikwa kwa mkeka. Pazi alimkabidhi Malunde jembe bila kumpa mkono. Alikuwa kijana mwembamba, mchimbaji kama baba yake, na mdomo wake ulikuwa umepasuka kwa ukavu.

Wazee wakamwonea huruma Malunde, wakamtania, maana utani haufi hata kwenye moto. Mmoja akamuuliza kama ngozi ile laini ya Mlimani inajua kwamba jembe lina upande wa kushika. Mwingine akasema mwacheni, akizimia tutamzika humo humo, tupunguze kazi. Vicheko vikavu vikapita. Malunde akachimba. Vijana wa Machimbo walikuwa wameshafika kifuani, akamalizia yeye, akachonga mwanandani, shimo dogo la kumlaza maiti, upande wa kibla kama alivyoelekezwa, na ngozi ya viganja vyake ikachubuka, na kila alipopumua alihisi anameza majivu. Mzee mmoja aliyekuwa ukingoni akayumba, akakalishwa chini, akamwagiwa maji ya mwisho ya kibuyu.

Malunde alimuona. Pale ndani ya shimo, macho sawa na miguu ya watu, alimuona mzee yule akifumba na kufumbua mdomo. Hapo mahesabu yake yote ya asubuhi, ya nchi na damu na kifungo, yakawa kama karatasi iliyotupwa jikoni. Akagusa kikuku chake mara tatu. Kisha, kama desturi inavyomtaka mtani, akalala chali ndani ya kaburi na kuimba kwa sauti iliyokauka:

*Kondo umechimba sana, mahandaki ya wenzio,*
*Nakuchimbia we bwana, chimbo lisilo mlio,*
*Jua mlitukanana, limebaki na kilio,*
*Lala usiku mchana, kaburi ni kimbilio.*

Watu wakaitikia mstari wa mwisho. Desturi ni kwamba mtani hatoki kaburini mpaka wafiwa wampe anachokitaka: kofia ya marehemu, jogoo, hata ahadi. Wakangoja ataje. Hakutaja. Alikuwa anaangalia juu, na wao, mmoja baada ya mwingine, wakaangalia alikoangalia.

Lilikuja kutoka upande wa mlima, polepole, kama mtu anayeingia msikitini amechelewa. Kwanza uzio ukawa mweusi. Kisha makaburi ya zamani. Kisha ukingo wa kivuli ukapanda miguuni mwa watu, magotini, ukapita juu ya jeneza, ukalifunika shimo. Hakuna aliyepiga kelele. Wengine walikuwa hawajawahi kusimama mchana nje bila kukunja macho. Mzee aliyeyumba akainua kiganja chake, akakigeuza, akakitazama huku na huku.

Ndipo Pazi akachuchumaa ukingoni.

"Kumbe linaweza kusogea," akasema.

"Linaweza."

"Tangu lini?"

"Tangu lilipotengenezwa."

Pazi akauliza jambo moja tu, na akaliuliza kwa upole, kama mtu anayegusa kidonda kujua kina chake. Akauliza kama baba yake alijua. Malunde akajibu kwamba hakujua. Aliniamini, akasema.

Jembe la pili lilikuwa karibu na mguu wa Pazi. Aliliokota. Sitini wale wakasimama, na hakuna aliyesogea kumzuia, wala hakuna ambaye angemlaumu. Mtu wa Mlimani alikuwa ndani ya shimo, amelala chali, shingo wazi. Pazi alilishika jembe lile mpaka mishipa ya mikono ikamtoka.

"Toka," akasema mwishowe. "Hapo ni pa baba."

"Mtani hatoki bure."

Watu wakaguna. Mzee mmoja akamwambia Malunde kwamba ana uso wa mbuzi, na hakuwa akitania.

"Taja basi," Pazi akasema. "Taja, na kikuzibe koo."

Malunde akavua kikuku, akamnyooshea. "Shika hiki unirekodi. Nitasema nilichoandika, na nani alinipa kalamu, na nilichopewa. Nisikilizeni mpaka mwisho. Sitaki kingine."

Desturi ilimfunga Pazi kama ilivyomfunga Malunde. Mtani aliye kaburini hanyimwi. Akakichukua kikuku kwa vidole viwili kama kitu kilichooza, akakielekeza shimoni, na Malunde akasema. Alisema jina lake kamili na daraja lake. Alisema habari ya majani na usukani wake, ya mafunzo juu ya bahari, ya sahihi ya saba, na ya swali la upole aliloulizwa ofisini. Hakujitetea, isipokuwa mara moja, alipomtaja mama, na hapo hapo akajirudi na kusema hiyo si sababu. Alisema kwamba kura elfu kumi na tano za mitaa saba zilipigwa kwa kumwamini mtu mmoja mwongo, na mtu huyo ni yeye, na kwamba Mzee Kondo amekufa kwa dakika ishirini ambazo zingeweza kuwa na kivuli.

Alipomaliza, kikuku kilikuwa kikitetemeka mkononi mwa Pazi. Kituoni walikuwa wameliona pengo. Walikuwa wanalivuta jani kwa ufunguo mkuu.

"Wanalirudisha," Malunde akasema. "Tuna robo saa. Tuzike."

Wakazika. Walimpokea Kondo mikononi mwao watu watatu ndani ya shimo, Pazi kichwani, Malunde miguuni, na kwa muda ule hakuna aliyekuwa wa Mlimani wala wa Bondeni, kulikuwa na uzito tu wa kugawana. Wakafukia kwa kasi. Ukingo wa jua ulikuwa ukirudi kutoka upande wa pili, mstari mweupe unaotambaa juu ya makaburi, na imamu aliinua mikono yake mstari ule ukiwa hatua kumi kutoka mgongoni kwake. Ulipomfikia hakukatiza dua. Ukapita juu ya watu, safu kwa safu, na hakuna aliyekimbia. Walikuwa wamesimama wanalitazama jani lile likienda zake, zima, halina hata tundu.

Pazi akamrudishia Malunde kikuku. Sauti ilikuwa imeshatumwa. Aliituma yeye mwenyewe, kwa kila mtu wa Machimbo aliyekuwa na kifaa, na wao walikuwa wameshaituma kwa wengine. Hakumpa mkono. Alisema tu kwamba kuanua tanga ni siku ya tatu, na kwamba mtani ndiye hupika.

"Nitakuja," Malunde akasema.

"Sijakukaribisha. Nimekwambia kazi yako."

Malunde akawa anashuka kuelekea getini, midomo imemchanika, alipopigiwa simu. Alikuwa Bi Nyamizi. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini ilikuwepo, na Malunde akasimama katikati ya jua kuisikiliza.

Walikuwa kumi na saba stoo, mama akasema. Mzee wa jirani alibebwa, yuko salama, analalamika kwamba amewekwa karibu na vitunguu. Kwenye kibaraza paa lilipasuka kwa joto. Sasa jani limerudi, na wote wametoka wamesimama barabarani wanaangalia juu.

"Wananiuliza liliendaje likarudi bila kuchanika," akasema. "Watu wa Tulia, vitambaa bado viko shingoni. Niwajibu nini?"

"Wajibu kweli, mama. Kisha ufungashe."

Bibi akavuta pumzi, ile pumzi yake ya kusitasita.

"Nimeshafungasha," akasema. "Tangu ulipotoka asubuhi."